Kaseti iliyokwama kwenye "nakupenda pia"

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea redio kaseti ya zamani, ile ya milango miwili na spika mbili kubwa kama macho ya bundi, mshikio wake umefungwa kwa waya wa umeme kwa sababu ule wa asili ulishakatika. Akaibwaga juu ya meza yangu hapa Bondeni, Mombasa, akasema, "Mzee, kaseti mimi sitaki. Nitilie blututhi tu, sauti itoke kwenye spika hizi." Nikamwuliza ndani mna nini. Akasema hajui, mlango mmoja umegoma kufunguka tangu azaliwe.

Mimi ni fundi wa redio tangu 1984, nilipoacha shule na kuwekwa kwenye kibanda cha mjomba wangu kusafisha hedi, vile vichwa vinavyosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Sijui kupiga ala yoyote. Ninachojua kuhusu muziki wa dunia nimekijua kwa kukikwamua. Mtu haleti kwa fundi redio inayoimba vizuri, huleta iliyomeza utepe, na utepe unaomezwa ni ule unaopigwa asubuhi na jioni. Kwa hiyo ukitaka kujua mji ulipenda nini mwaka fulani, usiulize redioni, niulize mimi ni kaseti gani nilizokuwa nazichokoa kwa koleo.

Nyingi zilikuwa taarabu, Juma Bhalo na Maulidi Juma, hasa baada ya misimu ya arusi. Hizo zilikuwa za kina mama, na kina mama walilipa bila kubishana. Wavulana ndio waliokuja na za Kizungu, tena wakitaka deni.

Nilipoufungua mlango ule kwa bisibisi nikakuta utepe umejizungusha kwenye rola mpaka umekuwa kama uzi wa kasha la fundi cherehani. Kaseti ya dakika 60, lebo imeandikwa kwa kalamu: MAIKO – BAD. Nikaitazama imesimama wapi. Upande A, karibu na nusu. Nikacheka peke yangu, muuza kahawa akanitazama.

Mahali hapo napajua. Wimbo wa nne wa upande A wa Bad, albamu iliyotoka mwisho wa Agosti 1987, ni Liberian Girl. Kabla Michael Jackson hajafungua kinywa, yuko mwanamke anayesema kwa sauti ya chini, kama aliyesimama mlangoni usiku na hataki majirani wasikie: nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi we. Mwenye sauti ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Siku tuliyousikia mara ya kwanza tulikuwa watatu kibandani, na sote tuliacha tulichokishika. Ilikuwa kama kusikia jina lako likiitwa katikati ya msongamano wa soko la Marikiti. Michael Jackson, na Kiswahili! Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Siku ile hakuna redio ya mtu iliyotengenezwa.

Kisha tukafanya ambalo watu wa Mombasa hulifanya kila wasikiapo Kiswahili cha mgeni. Tukaanza kusahihisha.

Kwanza, Liberia na Kiswahili wapi na wapi? Kutoka hapa mpaka Monrovia ulivuke bara lote, na ukifika huko hakuna atakayekuitikia. Pili, hiyo "pia". Mwenzangu mmoja akauliza, "Pia ya nini? Kwani nani alimwambia anampenda, hata naye ajibu anampenda pia?" Na "nakutaka" ndiyo ikazua zogo kabisa. Huku kwetu hilo si neno la kuanzia. Ukimwambia mtu "nakutaka" ujue ama mmeshafika mbali au unatafuta kofi.

Kesi aliikata nyanya yangu. Nilikwenda na redio nyumbani nikampigia, mwanamke ambaye alimjua Michael Jackson kama alivyomjua mfalme wa Uchina. Akasikiliza na tasbihi mkononi. Akasema, "Nyinyi ndio hamjui. Pia hiyo si pia yenu ya sasa. Pia ya zamani ni kabisa, yote. Hamjasikia mtu akisema watu wote pia? Huyo amwambia ampenda mzima mzima." Tukanyamaza. Tangu siku hiyo mimi huusikia hivyo, na wenye wimbo walimaanisha ipi ni shauri lao.

Aliyeitengeneza albamu ile pamoja na Michael alikuwa Quincy Jones, na huyo si mara yake ya kwanza kukutana na Kiswahili studioni. Miaka miwili na kitu nyuma, usiku wa tarehe 28 Januari 1985, ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa We Are the World katika studio za A&M huko Hollywood. Waimbaji walitoka moja kwa moja kwenye tuzo za American Music Awards, alizoziongoza Lionel Richie, wakaingia chumba kimoja wakiwa na nguo zao za sherehe. Quincy alikuwa amebandika tangazo mlangoni kwamba kila mtu majivuno yake ayaache nje. Wimbo waliutunga Lionel na Michael, na fedha zilikuwa za kuwasaidia wenye njaa Ethiopia.

Mwaka juzi binti wa dada yangu alinionyesha filamu ya matukio ya usiku ule kwenye simu yake. Nilimtazama Bob Dylan amesimama katikati ya kwaya kama mtu aliyeingia arusi si yake, hajui apige makofi au aondoke, mpaka Stevie Wonder akakaa kwenye piano akamwigiza Dylan kwa Dylan mwenyewe ili apate kujua aimbe vipi. Hapo nilifurahi. Lakini kabla ya hapo, huyo huyo Stevie alitoa wazo: tutie maneno ya Kiswahili. Ndugu zangu, nilikaa wima. Chumbani pakawa na minong'ono. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, hakutaka kusikia, akatoka. Na ikasemwa jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa angelisema bure: Wahabeshi hawasemi Kiswahili.

Ni kweli, hawasemi. Wahabeshi tunao hapa mjini, wana Kiamhari chao na Kioromo chao, na Kiswahili wanajifunza kama wageni wengine. Hata hivyo moyo uliniuma kidogo. Kiswahili kilifika mpaka kwenye chumba chenye Michael, Stevie, Ray Charles, Diana Ross na Tina Turner kwa pamoja, kikatolewa nje. Kingeingia kingekuwa mahali si pake, nakubali. Lakini Liberia je? Huko kiliingia na hakuna aliyetoka nje.

Lionel Richie mwenyewe alikuwa na dhambi yake ya zamani. Mwaka 1983 alitoa All Night Long, na mle katikati mna kibwagizo cha maneno yasiyokuwa Kiingereza. Mimi nilikuwa shule bado. Tulikaa chini ya mwarobaini wakati wa mapumziko tukibishana ni lugha gani. Mmoja akasema Kikongo. Mwingine, baba yake baharia, akaapa ni ya visiwa vya Karibi na kwamba babake ameisikia kwa masikio yake. Mimi nilishikilia ni Kiswahili kilichoharibika, kwa sababu "jambo" mle ndani inasikika wazi kabisa. Baadaye sana nikajua kwamba Lionel alitaka maneno ya Kiafrika ya kweli, akamuuliza mtu wa Umoja wa Mataifa, akaambiwa Afrika ina lugha maelfu, ataka ipi? Basi akabuni zake. Na tarehe 12 Agosti 1984, kwenye kufunga Olimpiki ya Los Angeles, dunia nzima ikacheza kwa lugha isiyokuwa na wenyewe. Sote chini ya mwarobaini tulishindwa.

Kundi la Toto sitalisema sana. Wimbo wao Africa, wa 1982, unauinua mlima Kilimanjaro juu ya Serengeti, na yeyote aliyewahi kupanda basi la Taveta anajua mlima uko upande gani. Ni kama kusema ukisimama Lamu waiona Fort Jesus. Lakini kinanda kile ni kitamu, na utamu husamehewa mengi.

Sasa nije kwa jirani.

Mwanzo wa 1992 kaseti za Queen, kundi la roki la Uingereza, zilinijia kama mvua ya masika. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alikuwa amefariki Novemba 24, 1991, na Bohemian Rhapsody, wimbo wa 1975 uliowahi kushika namba moja Uingereza kwa wiki tisa, ukarudi kileleni tena. Wimbo wa dakika tano na sekunde 55, hauna kiitikio, umeshonwa kwa vipande kama kanga za rangi tatu. Nilikuwa naujaribu kwenye deki ya mteja nyumbani, ile sehemu ya katikati wanapopokezana kama watu wa mahakamani, mara ikatoka: Bismillah! Mamangu akatokeza kutoka jikoni na upawa mkononi. "Huyo amesema nini?" Nikamwambia. "Bismillahi katikati ya makelele yote hayo? Ataka kula au ataka kuchinja?"

Wiki ile ile alikuja mzee mmoja wa Kihindi, mteja wa mjomba wangu toka enzi, na redio gramu ya mbao iliyohitaji sindano. Akasikia ninachopiga akatabasamu. "Huyu mtoto wa Unguja," akasema. Nilidhani uzee. Muuza kahawa pale nje naye akaingilia: Unguja gani hiyo, huyu ni Mwingereza, tazama masharubu. Mzee hakubishana. Akakaa juu ya ndoo akatueleza kila kitu kimoja kimoja. Jina lake ni Farrokh Bulsara. Amezaliwa Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946. Ni Mparsi, dini yao ya Zoroasta, baba alikuwa mtunza fedha kwenye serikali ya Waingereza. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani huko India akiwa mdogo, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi. Mapinduzi ya 1964 yakaja, familia ikakimbilia Uingereza, Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa London.

Muuza kahawa alimpa mzee kikombe cha bure, na huyo ni mtu ambaye hata mwezi wa Ramadhani haachii senti.

Mimi nilishindwa kulala. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mia nikidhani umetoka sayari nyingine, kumbe mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya Pemba tu, mahali ambapo jahazi likitoka Bandari ya Kale na upepo wa kaskazi halichukui muda kufika. Na ile Bismillahi, basi ni neno alilozaliwa nalo masikioni, hata kama halikuwa la dini yake. Mtoto wa Mji Mkongwe huisikia kabla hajajua kutembea.

Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa, niliiona miaka mingi baadaye, kwenye kanda ya video. Julai 13, 1985, Wembley, watu 72,000, Queen wakapewa dakika zao kama wengine wote, wakatumia 21. Kila mtu husifu sauti yake na ile fulana nyeupe. Mimi nilichokiona ni pale alipoacha nyimbo zote akabaki na umati peke yake: yeye anatoa sauti, wao wanairudisha, anaipandisha, wanaifuata, anaikunja, wanacheka lakini wanajaribu. Huyo ni manju. Anayejua ngoma za huku anajua nasema nini. Sisemi alikitoa Unguja, maana alisomea India na akahamia Uingereza. Nasema tu kwamba mkimleta mwanamke yeyote mzee wa Majengo mkamwonyesha, hataona muziki wa roki. Ataona mtu anayejua kuitikisha.

Na sisi wenyewe je, Mombasa? Tulipeleka nini?

Malaika watu wanaijua, na Fadhili William aliyeirekodi mwanzo wa miaka ya 1960 ni mtu wa Taita, wa mkoa wetu wa zamani wa Pwani. Nani hasa aliyeitunga ni ugomvi ambao sitauingia, nina wateja pande zote. Miriam Makeba aliifikisha duniani, na mwaka 1981 kundi la Boney M, lililotengenezewa Ujerumani na Frank Farian, nalo likaiimba.

Lakini wa kwetu hasa, wenye harufu ya mwani na mafuta ya nazi, ni Jambo Bwana. Them Mushrooms walikuwa vijana wa hapa hapa, kina Harrison, ndugu, wakipiga kwenye mahoteli ya ufukweni. Teddy Kalanda Harrison akautunga, wakautoa 1982. Ami yangu wakati huo alikuwa mhudumu wa hoteli moja ya kaskazini, anabeba sahani za kamba wa watu usiku kucha, na alisema wimbo ule aliusikia mara tatu kila usiku isipokuwa Jumatatu, siku ya sarakasi. Mgeni akifika anaimbiwa, akila anaimbiwa, akiondoka analia naye anaimbiwa. "Mimi," ami akisema, "nikifa msinisomee jambo bwana tu."

Tazameni lakini ufundi wake. Ule si wimbo, ni somo. Salamu, majibu ya salamu, karibu, nchi nzuri, usihofu. Mjerumani aliyefika Jumapili, kufikia Jumatano ana Kiswahili chake mfukoni. Tena ni Kiswahili cha hotelini! Hakuna mtu Mombasa anayemwambia mwenziwe "jambo". Utasikia hujambo, shikamoo, sabalkheri, masalkheri. Na hilo la hakuna matata, nyanya yangu angesema hapana neno. Matata kwake yalikuwa ni mtoto mtundu. Vijana wale walijua hayo yote. Walichukua maneno machache mepesi, yasiyovunjika ukiyatia kwenye sanduku la kusafiria, wakamfunga nayo mgeni.

Na yakasafiri kweli. Mwaka 1983 Boney M wakautoa kwa jina Jambo – Hakuna Matata. Kaseti ya kwanza ya toleo lile niliyoikwamua ilikuwa ya dereva wa teksi. Nilimpigia ami. Ngoma za mashine, sauti zimepangwa vizuri, kila kitu kinang'aa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hotelini, akasema, "Wameazima kikombe chetu, wameturudishia kimeoshwa sana."

Hakuishi kuona ya 1994, Elton John na Tim Rice walipolichukua hakuna matata wakalitia kwenye katuni ya simba, wala hakuona Disney wakiyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo. Mwaka 2018 watu wakatia saini mtandaoni kwa maelfu kupinga. Mimi sikutia. Nilifikiria tu ami angesema nini, na kila nilichokifikiria hakiandikiki.

Beyoncé naye, 2019, wimbo wake Spirit unaanza kwa sauti ya kiume inayomtakia mfalme, kwa Kiswahili, aishi kwa muda mrefu. Binti wa dada yangu alinipigia kwa furaha. Nikamwambia mwanangu, huyo ametafsiriwa neno kwa neno, hapa tungesema Mola amweke. Akaniambia, "Mjomba, wewe hutosheki." Labda.

Basi juzi kijana alirudi kuchukua mashine yake. Blututhi nilikuwa nimeshaitia, nikaiunganisha na ile amplifaya ya zamani, spika zile za bundi zikatoa sauti kama hazijawahi kulala. Akafurahi. Nikamwonyesha kaseti. Nilikuwa nimeutoa utepe polepole, siku mbili, nikaunyoosha, nikakata kipande kilichokuwa kimekunjika vibaya na kuunga kwa gundi nyembamba. Nikaurudisha kwa kalamu ya Bic. Nikamwuliza redio hii ilikuwa ya nani.

"Ya nyanya. Amefariki mwaka jana."

Nikaitia kaseti kwenye deki yangu mwenyewe. Nyimbo tatu za mwanzo zilikuwa safi, kama mpya. Tulipofika kwenye wa nne, sauti ikaanza kuyumba na kufifia, utepe pale umesuguliwa mpaka umekuwa mwembamba, kahawia imeisha, waona upande wa pili. Hilo haliji kwa kusikiliza. Huja kwa kusimamisha na kurudisha, kusimamisha na kurudisha, pale pale, miaka. Letta Mbulu akatoka nusu: naku… pia… we. Kipande cha katikati ndicho nilichokikata mimi.

Kijana akauliza, "Alisema nini hapo?"

Nikamwambia.

"Anampenda pia? Pia na nani?"

Nikamvutia ndoo, nikamwambia akae.